Hesabu ya Nyasi

Sadirbek, uliuliza kwa simu, mtandao ukakatika,
nyasi zimefika ngapi.
Marobota mia nne na ishirini.
Nimeyahesabu mara mbili, ya kwanza kwa macho,
ya pili kwa mkono, nikigusa moja moja
kama mtu anayehesabu watoto baada ya tetemeko.

Yanaliwa matatu na nusu kwa siku:
kondoo ishirini na wawili, ng'ombe, na farasi wako.
Gawanya. Utaishia mwisho wa Februari.
Machi nzima imebaki tupu,
na Machi ya At-Bashi waijua:
mchana jua linachekacheka, usiku barafu inatafuna mfupa,
na majani mapya yangali ardhini, yanasinzia.

Kazi nyingine zimekwisha, au zinakaribia.
Samadi niliikata matofali tangu Julai,
nikaipanga ukutani upande wa jua. Imekauka,
ukiigonga inalia ko!
Zizi tumelikandika mimi na Begimai,
udongo, makapi, na maji ya moto vidole visife ganzi.
Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuishi huku. Huku usipoziba ufa
asubuhi unakuta mwanakondoo amekuwa gogo.
Begimai ameziba mashimo yote
yaliyo chini ya kimo chake, kisha akauliza
nani ataziba ya juu, baba akichelewa tena.
Nikapanda juu ya ndoo.

Mama yako alikaa mlangoni na fimbo yake,
akipapasa migongo ya kondoo wakipita.
Haoni vizuri siku hizi, ila vidole vyake
vinausoma uti wa mgongo punje kwa punje, tasbihi.
"Huyu atafika. Huyu atafika. Huyu..."
Akanyamaza.
Wanne walinyamaziwa hivyo. Niliwatia chaki nyekundu.
Mmoja tutamchinja theluji ikishika.
Watatu walikwenda sokoni Jumapili, kwa lori la Asankul.
Bei iko chini, maana kila mtu ana Machi yake tupu.

Wanne hawakutosha. Nikarudia hesabu usiku
nyuma ya daftari la shule la mtoto:
au kondoo watatu zaidi, na waliobaki wote wana mimba,
au ng'ombe, na maziwa yake ndiyo chai yetu,
au.
Kalamu ilisimama hapo muda mrefu.

Ulimfundisha Toru kusimama mtoto akianguka.
Ulimpa jina siku ile ile aliyozaliwa;
Begimai alingoja wiki.
Kila ukipiga simu toka Novosibirsk unaanza na habari zake,
halafu za mama, halafu zangu.
Silalamiki. Nasema tu mpangilio ulivyo.

Mnunuzi ni kijana wa Naryn, mikono laini.
Alimfungua mdomo, akatazama meno, akaridhika.
Sikumwomba amtunze. Utaomba nini
na pesa za watu umeshazitia mfukoni?
Alipanda lori bila kuvutwa.
Hilo ndilo lililoniuma.

Zimenunua pumba, chumvi ya kulamba, dawa ya minyoo,
na viatu vya Begimai, vikubwa namba moja
ili vivuke mwaka.

Leo alfajiri maji ya ndoo yaliganda unene wa sarafu.
Baridi ya huku haibishi hodi.
Nikalitoa blanketi lake, lile la mistari
alilolishona mama yako kabla macho hayajamwacha,
nikalizungushia bomba la uani,
nikalikaza kwa hatamu.
Lina manyoya yake bado, ya kahawia, yamenasa kwenye uzi.
Nikafungua koki.
Ikakohoa, ikatema kutu, ikakaa kimya
mpaka nikadhani nimechelewa,
kisha maji yakaja.

Simu yako ikiingia tena, usiniulize kwanza.
Acha nianze mimi.
Nitakwambia maji yanatoka.